Mstari wa Ishirini na Nane

Kuna watu wanaopokea barua wakaifungua papo hapo, wamesimama, kama mtu anayekula ndizi njiani. Sindano hakuwa mmoja wao. Kwake barua ilikuwa na taratibu zake, na alizifuata kwa heshima ambayo shule ya bweni ilijaribu kumtia kwa miaka sita bila mafanikio.

Kwanza alinawa mikono. Pili alikaa. Tatu aliipima bahasha kiganjani, ajue uzito wa maneno. Nne aliinusa, na hapo Shangazi hakukosa la kusema.

"Haya, mbwa wa polisi kaanza kazi," alisema Shangazi, akitua birika la chai kwenye kona pekee ya meza isiyo na gundi. "Dunia nzima inatuma baruapepe. Mtu anabonyeza hapa, inafika kule hata hajamaliza kukohoa. Wewe na huyo Mpima wako mnaandikiana kama wafalme."

"Baruapepe hainuki, Shangazi."

"Na miguu ya mwanamume kwenye simu hainuki pia. Ndiyo faida ya simu."

Sindano alicheka, pua ikiwa bado juu ya bahasha. Kisha kicheko kikamkatikia.

Barua za Mpima zilikuwa na harufu yake: vumbi, jua, na mafuta ya taa kidogo. Hii ilinuka gundi. Aliinusa mikono yake. Ilinuka sabuni. Akainusa bahasha tena.

Si kila mtu angelijali hilo. Lakini bwenini kwao kulikuwa na mlezi, mama mwenye uso wa huruma, aliyekuwa akifungua barua za wasichana kwa mvuke wa birika kisha akazifunga tena kwa utulivu wa daktari wa upasuaji. Barua zote zilizopita mikononi mwake zilifika zikinuka chai. Tangu hapo Sindano hakuwahi kuifungua bahasha kabla ya kuiuliza kwa pua imetoka wapi.

"Umenyamaza," alisema Shangazi.

"Naonja."

Hakuendelea kuwaza. Karakana nzima ilinuka gundi. Hata paka wao alinuka gundi. Hapa ndipo baba yake alipojalidi vitabu kwa miaka thelathini na mitano, hadi watu wakasahau jina lake na kumwita Mzee Jalada. Na hapa ndipo binti alipokalia kiti cha dirishani, akishona kurasa kwa uzi uliopakwa nta. Jina la Sindano alipewa kwa ajili ya kazi hiyo. Waliowahi kugombana naye walisema ni kwa ajili ya ulimi.

Ni dirishani hapo Mpima alipomkuta. Alikuja na daftari lake la vipimo vya ardhi, limechanika mgongo. Likatengenezwa. Baada ya wiki mbili likarudi limechanika tena. Safari ya tatu ikawa wazi kwa kila mtu, hata kwa paka, kwamba bwana huyu anayepima mashamba ya watu alikuwa akilichana daftari mwenyewe.

Alikuwa mtu wa haya. Kwenye simu alijua maneno mawili tu, "ehee" na "sawa," na hayo yote aliyatamka kama anayetoa ushahidi mahakamani. Alipopelekwa kupima ardhi mbali, siku mbili kwa gari, Sindano akamshonea kitabu cha kuandikia barua. Karatasi mia moja, kila karatasi mistari ishirini na nane, ameipiga mwenyewe kwa rula, upande mmoja. Na wiki ya tatu simu ya Mpima ikatumbukia mtoni, ikabaki kalamu.

Kalamuni alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliandika kurasa tatu, nne, juu ya kinamasi, juu ya mawe ya mpaka, juu ya mbuzi aliyekula ramani. Mapenzi, hata neno. Kisha, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwenye mstari wa ishirini na nane, akikazana kama mtu anayeruka mtaro, aliandika sentensi moja. *Jana nimeota umevaa ile nguo yenye wino kwenye kiwiko.* Au: *Kila kilima ninachopima najiuliza kama nyumba ingefaa.* Sindano naye akajifunza kumjibu vivyo hivyo. Porojo kurasa nzima, na moyo wake wote kwenye mstari wa mwisho.

Barua nne za kwanza zilikuja hivyo. Ya tano iliishia kwenye kinamasi. Ya sita iliishia kwenye mbuzi. Sindano alijiambia kwamba mtu huchoka.

Leo ilikuwa ya saba.

"Hujaifungua tu?" Sauti ya baba yake ilitoka upande wa pili wa karakana. Mzee Jalada alikuwa amewapa mgongo, akipaka gundi migongo ya vitabu vilivyobanwa kwenye jiliwa. "Fungua, usome, turudi kazini. Kamusi hamsini za shule ya wasichana zinatakiwa jioni hii. Leo asitoke mtu."

"Naisoma, Baba."

Na kulikuwa na jambo jingine. Siku zote baba yake akitoka posta alimtupia barua mezani kama mwalimu anayerudisha mtihani wa mtu aliyefeli. Leo alimpa kwa mikono miwili. "Barua yako, mama," alisema. Mama. Alikuwa hajamwita hivyo tangu alipougua surua.

Aliifungua.

Ukurasa wa kwanza ulianza na salamu, kisha mstari uliomfanya aketi wima: *Leo nina swali. Nimeliweka mahali pake pa kawaida.*

Macho yalitaka kukimbilia chini. Aliyazuia. Kusoma mwisho kwanza ni wizi, na zaidi ya hayo aliipenda kiu hiyo kuliko maji yenyewe. Akasoma kwa utaratibu, akihisi joto likimpanda shingoni. Ukurasa wa pili: *Wamenipa kazi ng'ambo ya mpaka. Miaka mitatu. Sijawajibu.* Joto likageuka. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa mvua. Wa nne ulikuwa wa mguu wa chombo chake cha kupimia, ulioliwa na mchwa. *Nimeufunga kwa kamba,* aliandika Mpima, *na sasa kinasimama kama mzee aliyetoka hospitali.*

Basi. Barua ikaisha.

Sindano aligeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu. Akarudia ukurasa wa nne kutoka juu. Mchwa. Kamba. Mzee aliyetoka hospitali.

"Kaandikaje?" aliuliza Shangazi.

"Kasema ana swali."

"Swali gani?"

"Hajauliza."

"Hao ndio wanaume," alisema Shangazi, akimimina chai. "Anakuja hadi mlangoni, anasahau kabisha hodi kwa nini."

Mikono ya Sindano ilikuwa ikifanya jambo bila kumwuliza, jambo ambalo mikono ya kila mtu wa kazi hiyo hulifanya ikishika karatasi zaidi ya moja: alizigonga mezani zilingane. Alizigonga kwa chini. Kisha akatazama juu.

Karatasi tatu zilikuwa sawa. Ya nne ilikuwa imezama, kama mtoto mfupi katikati ya mstari wa paredi.

Alihesabu mistari. Ukurasa wa kwanza, ishirini na nane. Wa pili, ishirini na nane. Wa tatu, ishirini na nane. Wa nne, ishirini na saba.

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini. Ulikuwa umenyooka kama wembe, isipokuwa karibu na kona ya kulia, ambako kulikuwa na unywele mdogo wa karatasi umechomoza. Aliujua unywele huo. Mashine yao ya kukatia karatasi ilikuwa na pengo kwenye kisu, dogo kama punje ya mchanga, na kila kitabu kilichotoka humo ndani kilikuwa na unywele mahali hapo. Alikuwa ameukwangua kwa msasa tangu utotoni, kwenye maelfu ya vitabu, hata kile cha Mpima.

Chai ilikuwa ikitoa mvuke. Nje mtu alikuwa akipiga honi mtaa wa pili, na ndani ilisikika brashi ya gundi tu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Akaigeuza bahasha. Karani wa posta alikuwa mtu wa kugonga mihuri kama anayeua mende, kwa hiyo tarehe ilisomeka hata kwa kipofu. Barua ilikuwa imefika Jumanne. Leo ni Ijumaa.

"Baba."

"Naam."

"Barua hii umeichukua posta lini?"

Brashi haikusimama. "Leo. Kwani?"

"Muhuri unasema Jumanne."

"Muhuri wa yule kijana? Siku moja alinigongea mwaka ujao."

Shangazi alicheka. Sindano hakucheka. Aliinuka na barua mkononi, akaenda kusimama karibu na mashine ya kukatia, na kuuweka mkono wake kwenye mpini. Ulikuwa mpini mzito, wa kushushwa kwa mikono miwili na kiuno.

"Mashine hii haikati kwa bahati mbaya, Baba. Unaweka karatasi. Unaibana. Unapima. Halafu unashusha."

"Unaniambia mimi habari za mashine yangu?"

"Nakuuliza habari za barua yangu."

Sasa brashi ilisimama.

"Kaka," alisema Shangazi taratibu, bila mzaha hata kidogo, "mtoto anazungumza nini?"

Mzee Jalada aligeuka. Alikuwa mtu mrefu, na kwa mazoea aliinamisha kichwa ili atazame juu ya miwani. Lakini miaka miwili sasa, juu ya miwani na ndani ya miwani kulikuwa sawa tu kwake: ukungu.

"Karatasi ilikuwa imechakaa kwa chini," alisema. "Nikainyoosha. Ni mazoea."

"Bahasha iliyofungwa, ukajuaje karatasi ya ndani imechakaa?"

Paka alishuka kwenye rafu akatoka nje, kama prifekti aliyeona kesi imefika kwa mwalimu mkuu.

"Yule bwana," alisema Mzee Jalada hatimaye, "anapima ardhi ya nchi nzima, na yeye mwenyewe hana hata pa kuchomeka kijiti. Leo hapa, kesho kule. Nimpe mtu kama huyo mtoto wangu aende kulala kwenye hema?"

"Hukuulizwa wewe. Niliulizwa mimi. Niliulizwa nini?"

"Sikumbuki."

"Baba, wewe unakumbuka jalada la Biblia ulilotia kabla sijazaliwa. Niliulizwa nini?"

"Nimesema sikumbuki."

"Kipande kiko wapi?"

Macho ya Mzee Jalada, yasiyoona vizuri na yasiyojua kudanganya, yalikwenda upande mmoja na kurudi. Yalikwenda kwenye jiliwa.

Hapo Sindano akaelewa, na uelewa huo ulimteremka mgongoni kama maji ya bwenini saa kumi na moja alfajiri.

Katika karakana ya Mzee Jalada karatasi haitupwi. Kila kipande kinachodondoka kwenye mashine huokotwa, na kile chembamba na kirefu hupakwa gundi, kikabandikwa kwenye mgongo wa kitabu kuushika ushonaji, kisha jalada likafunika juu. Hakuna msomaji anayejua mgongo wa kitabu chake umebeba nini. Mzee alifundishwa hivyo, akafundisha hivyo. Mtu mwingine angekichoma kipande kile, mambo yakaisha. Yeye hakuweza. Mkono ulikataa.

Sindano aliifungua skrubu ya jiliwa.

"Gundi haijakauka," alisema baba yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Zitaharibika. Kazi ya watu hiyo."

"Shangazi, nipe maji ya vuguvugu."

Shangazi alimimina maji kwenye bakuli bila kumtazama kaka yake. Sindano alilowesha kitambaa, akapitisha kwenye mgongo wa kamusi ya kwanza, akabandua. Karatasi nyeupe. Ya pili, kipande cha gazeti. Ya tatu, nyeupe. Ya nne ilikuwa na wino wa bluu ukionekana kwa nyuma, na vidole vyake vikawa vizito. Alikibandua kipande hicho polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayevua plasta kwenye kidonda cha mwenziwe.

Maandishi yalikuwa madogo, yamebanwa ili yatoshe mstari mmoja.

*Ijumaa hii nitakaa stendi hadi basi la saa kumi. Njoo tuoane, usipokuja sitakusumbua tena.*

Alitazama saa ya ukutani. Tisa na dakika thelathini na tano.

"Mpigie simu," alisema Shangazi, akipapasa yake mfukoni. "Nipe namba, nimpigie sasa hivi."

"Simu yake iko mtoni."

"Basi hiyo baruapepe—"

"Anaisoma mara moja kwa mwezi, Shangazi, ofisini kwao."

Alikuwa tayari amevua aproni. Na angetoka wakati huo huo, kama jicho lake lisingeangukia kamusi ya tano. Nayo ilikuwa na wino wa bluu. Lakini mwandiko haukuwa wa Mpima.

Alikibandua kipande kwa mkono mmoja, bila maji, nusu ikachanika. Hakuhitaji nusu nyingine. Aliyajua maneno hayo kwa moyo kwa sababu aliyaandika mwenyewe, siku kumi na mbili zilizopita, akampa baba yake apeleke posta pamoja na vifurushi.

*Siku utakayoniuliza, nitasema ndiyo kabla swali…*

"Na zangu," alisema.

Mzee Jalada aliketi kwenye kigoda.

"Ngapi, Baba?"

"Tatu."

"Zile nyingine mbili ziko wapi?"

"Zimekwenda. Zile atlasi za shule ya milimani."

Mahali fulani, basi, katika maktaba ya shule ya bweni, wasichana mia nne walikuwa wakifungua atlasi kutafuta mito mikubwa ya dunia, na ndani ya migongo ya vitabu hivyo kulikuwa na mapenzi ya Sindano, yamebandikwa vizuri, hayatoki. Na kule kwenye kinamasi mwanamume mwenye haya alikuwa amepokea barua tatu mfululizo zenye porojo tupu, akazisoma hadi chini, akakuta ukingo.

"Nilitaka upoe tu," alisema baba yake. "Mtu akinyamaziwa, hupoa. Nilijua nyote mtapoa. Sikutaka kumtukana mtu, wala kukufungia mlango. Nikakata kidogo tu." Alivua miwani, akaishika mapajani. "Juzi nimekaa dakika ishirini natia uzi kwenye sindano moja. Ulikuwa sokoni. Dakika ishirini, na haukuingia. Ukienda wewe, nani atanitilia uzi?"

Hakuwa akijitetea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Stendi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu, ishirini kwa kukimbia.

"Nenda," alisema Shangazi. "Huyu niachie mimi. Nina maneno naye tangu tukiwa wadogo."

Sindano alifika mlangoni. Akasimama. Akarudi mezani, akalivuta bunda la uzi, akatia uzi sindano ya kwanza, akaichomeka kwenye mto wa sindano. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilikataa mara mbili kabla ya kukubali. Aliusogeza mto mbele ya baba yake hadi ukamgusa goti. Kisha akatoka, vipande viwili vya karatasi vikiwa vimemganda kiganjani.

Alikimbia. Alipita duka la viatu, akapita foleni ya benki, akapita posta, ambako yule karani alikuwa akishusha shata la dirisha. "Dada Sindano, kuna moto?" Kwenye kona ya stendi basi kubwa lilimpita likitoka, likamfunika na moshi, na madirisha yake yote yalikuwa na jua, yaking'aa, hivyo hakuona uso hata mmoja.

Benchi la mbele ya dirisha la tiketi lilikuwa na mama mmoja na kuku wake.

"Basi la saa kumi?" aliuliza dirishani, pumzi hana.

"Hilo limetoka sasa hivi," alisema muuza tiketi, mwanamke mwenye kalamu mbili nywelini. "Leo limechelewa hata. Dakika tatu." Kisha akamtazama vizuri: vidole vyenye gundi, kiwiko chenye wino. "Wewe ndiye Sindano?"

"Ndimi."

"Ala. Kaka mmoja, viatu vumbi tupu. Amekaa hapo tangu saa nne asubuhi, hata chai hakunywa. Kila akipita mwanamke anasimama, anakaa. Nikamwambia, kaka, utachoka magoti." Alifungua droo. "Kaniachia hii. Kasema ukija, nikupe. Usipokuja, niitupe."

Bahasha ilikuwa imefungwa upande, gundi imetokeza kwenye kona, kazi mbovu kabisa, kazi yake Mpima. Sindano aliileta puani. Vumbi. Jua. Mafuta ya taa kidogo. Ilikuwa barua ya kwanza kwa miezi miwili iliyomfikia kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila wa tatu kuifungua.

Hakunawa. Hakukaa. Hakuipima kiganjani. Aliichana hapo hapo, amesimama katikati ya stendi, kama mtu anayekula ndizi njiani.

Ilikuwa karatasi moja, na maandishi yalikuwa mistari mitatu tu, juu kabisa. *Nimeelewa. Usijilaumu. Ahsante kwa karatasi.* Macho yake yaliiruka yote hiyo yakateremka, yakapita mistari mitupu mmoja baada ya mwingine, yakihesabu yenyewe, ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba, mpaka pale mahali pao pa kawaida.

Mstari wa ishirini na nane ulikuwepo. Alipitisha kidole gumba chini yake, polepole, kutoka kona hadi kona, akitafuta ule unywele.

Ukingo ulikuwa mzima. Mstari ulikuwa mtupu, na safari hii hakuna aliyekata.